Kwa Mama, Keko: wali wa nazi, samaki wa leo, na maneno ya watu

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam, na chakula cha mchana nakula kwa mama mmoja ambaye kibanda chake hakina bango wala jina la biashara. Ukifika kwenye maduka ya mbao ukauliza "kwa Mama ni wapi," utaonyeshwa. Naandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, wali wake unapita wa hoteli nyingi za mjini ambako nimepeleka fenicha nikakaribishwa chakula, na watu wanaofanya kazi Chang'ombe, Kurasini na Temeke wanastahili kujua. Ya pili, kuna maneno yanasemwa juu ya yule mama, kwamba wateja anawavuta kwa uganga, na maneno hayo yananiuma. Naona njia nzuri ya kuyajibu ni kueleza sahani yake ilivyo na inavyofika mezani.

Wanaokuja mara ya kwanza husifia samaki. Samaki ni mzuri, nitamfikia. Lakini kinachokitofautisha kibanda kile na vingine ni wali.

Ni wali wa nazi. Ukiletewa sahani harufu inatangulia: ya nazi, na chini yake ya mchele wenyewe, ile ambayo mchele halisi wa Kyela unayo hata ukichemshwa kwa maji na chumvi tu. Punje zimeachana lakini hazijakauka. Ukizisogeza kwa kijiko zinamwagika, ukizikusanya kwa mkono pamoja na rojo zinashikana bila kukuganda vidoleni. Mafuta ya nazi hayaelei. Chumvi iko pale inapotakiwa, hutafuti kopo la chumvi wala hukimbilii maji. Na ukiwahi, ukamwomba kwa adabu, atakukwangulia ukoko, mwembamba, wa rangi ya kahawia, usioungua.

Mchele ananunua Tandale, kwenye soko la nafaka, ingawa Tandika na Temeke Stereo ni karibu zaidi kwake. Niliwahi kufuatana naye nikiwa na safari yangu ya Manzese, nikaona anavyonunua. Muuzaji alikuwa amefungua gunia, juu mchele mweupe, mrefu, unaovutia. "Mama, hii Kyela yenyewe." Mama hakugusa wa juu. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi kutoka katikati ya gunia, akautandaza kiganjani akaupuliza. Akatazama chenga. Akatia punje mbili tatu mdomoni akazing'ata kwa meno ya mbele, taratibu, kama anasikiliza. Kisha akaupulizia pumzi yake ya moto na kuunusa. Akamwambia, bila hasira, "Baba, huu umechanganywa. Na wenyewe ni mpya. Nipe wa msimu uliopita." Yule baba akacheka, akaenda nyuma ya stoo akarudi na gunia jingine.

Mchele mpya una unyevu, unataka maji kidogo, na ukiukosea kipimo unakuwa mlaini wa kushikana. Uliokaa umekauka, unakunywa tui nyingi zaidi, unavimba, na punje zinabaki zimeachana. Ni jambo lile lile la mbao. Mbao mbichi ukiichongea kitanda leo, inang'aa na vanishi yake, mteja anaondoka anafurahi, na baada ya miezi michache ubavu umepinda na viungo vimeachia. Mbao iliyokaa ni ghali na inachelewesha pesa yako. Kila fundi wa Keko anajua tofauti, na kila siku kila mmoja wetu anachagua. Mama naye anachagua hivyo hivyo, kwenye gunia, na ule wa zamani una bei ya juu.

Nazi anakuna alfajiri. Tui jepesi ndilo linalochemkia mchele. Tui zito linaingia mwishoni, maji yakishakaribia kukauka, ndipo anapopunguza moto na kupalia makaa machache juu ya mfuniko. Mapishi mengine yote anapika kwa gesi siku hizi. Alihamia kwenye mtungi kabla hata Serikali haijazindua ule mkakati wa 2024 wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Hakusubiri kuhimizwa. Aliniambia alikaa na daftari usiku akajumlisha mkaa wa mwezi mzima, akaona. Lakini kwa wali amebakiza jiko dogo la mkaa kwa ajili ya yale makaa ya juu, kwa kuwa anasema gesi haijui kupalia. Nami niliyekula wali wake tangu zamani nakubali.

Sasa samaki. Anawachukua mwenyewe Feri, kwenye soko la samaki. Hatumi mtu. Anaondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, anapanda daladala la kwanza, anafika mnadani wakati majahazi na boti zinashusha. Kwa wasiopajua Feri asubuhi: samaki wanamwagwa mezani kwa mafungu, dalali anaita bei, wanunuzi wamebanana, na ukisitasita fungu limeondoka. Wakubwa wa migahawa wanachukua nguru na kolekole. Mama anatafuta changu wa wastani na vibua. Anafunua shavu kuona kama bado ni jekundu, anatazama jicho kama limetuna na linang'aa, anabonyeza tumbo. Kidole kikiacha shimo, anaondoka hata kama bei imeshuka.

Jambo la samaki ambalo wateja wengi hatulifikirii ni mwezi. Wavuvi wa vibua na dagaa wanavua kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti kitu, kwa hiyo siku zile samaki hao wanakuwa haba na bei inapaa. Miezi ya kusi nayo, kuanzia karibu Mei, bahari inachafuka na boti ndogo nyingi hazitoki. Siku kama hizo utafika kwa Mama ukute kwenye ubao ameandika kwa chaki: "Leo hakuna samaki." Chini yake: maharage ya nazi, kisamvu, nyama ya kuchemsha. Hakuna samaki wa jana aliyepashwa moto. Hakuna wa barafu aliyekaa wiki na kupewa rangi kwa bizari. Ipo njia rahisi, na wenzake wanaitumia: nunua wengi siku ya bei nafuu, wajaze kwenye jokofu, uza mwezi mzima. Yeye kakataa. Siku hizo anapoteza wateja, nimewaona wakisoma ubao na kugeuza. Kesho kutwa wanarudi, maana wanajua akiandika "samaki yupo" basi yupo.

Samaki anaoshwa, anachanjwa mistari mitatu kila upande, anapakwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, halafu anaachwa atulie wakati maharage yanamalizika. Mafuta ni ya alizeti. Anakaanga kwenye karai kubwa mafuta yakiwa ya moto kweli, na yakianza kuwa meusi anayatoa. Kwa ulimi utajua: ngozi ni kavu, inavunjika, na ndani karibu na mfupa nyama bado ni nyeupe na ina maji yake. Hakuna ule uchungu wa mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi. Juu anamwagia rojo la nyanya na ukwaju. Rojo hilo lina pilipili ya kutosha kukuamsha mchana wa jua bila kukutoa machozi. Mwenye kutaka zaidi kuna pilipili ya kusaga na embe bichi kwenye bakuli lenye kifuniko.

Maharage ni mazuri, yamelowekwa usiku, laini hadi ndani, lakini kuna siku nazi inakuwa nyingi kwangu. Mchicha ni mchicha. Kachumbari inakatwa ukiwa unaona. Juisi ya ukwaju haina sukari nyingi, na hilo nalipenda.

Bei: wali maharage shilingi 2,000, wali na kibua 3,000, wali na changu 4,000. Chai ya asubuhi na chapati mbili 1,500. Kuna vibanda vya bei chini ya hapo, viwili viko hatua chache tu kutoka kwake. Bado foleni iko kwa Mama.

Hapo ndipo maneno yanapoanzia. "Yule mama ana nyota." "Yule mama hayuko peke yake." "Amekwenda kwao Rufiji, si unajua Rufiji?" Na lile la chuma ulete, kwamba noti yako ukimpa inarudi kwake na nyingine za mfukoni mwako. Vijana wangu wa karakana wanayasema wakiwa wamekaa kwenye benchi lake, mkono mmoja uko kwenye wali. Mmoja wao, kijana mzuri, mwenye mkono mwepesi wa kupiga msasa, aliniambia, "Fundi, hebu fikiria. Watu wanapita vibanda vitatu vyenye bei nafuu kuja kusimama hapa juani. Hiyo ya kawaida?"

Nilimwambia ndiyo, ni ya kawaida, na nikamwambia aje siku moja Feri saa kumi na moja alfajiri aone dawa yenyewe inavyochimbwa. Alicheka. Sikuwa natania.

Maneno hayo yananiuma kwa sababu yanamnyang'anya yule mama kitu ambacho ni chake kabisa. Mkono wake ulioingia kwenye gunia mpaka kiwiko, uamuzi wake wa kumwaga mafuta ambayo bado yangekaanga samaki ishirini, ubao wake wa "leo hakuna," vyote vinafutwa kwa neno moja, kisha sifa anapewa mganga ambaye hata hayupo. Na yanamharibu msemaji pia. Kijana akiamini kwamba anayefanikiwa ana kitu cha siri, atafanya kazi ya nini? Atakaa kusubiri apate cha kwake. Nina vijana watano karakana, nawaona. Anayeamini nyota hanoi patasi. Anayeona kazi ya mikono yake ana kisingizio kidogo, na kila baada ya miezi kazi yake inakuwa safi zaidi.

Sisemi kila aliyeanguka alikuwa mvivu. Pale pale alipo Mama palikuwa na dada mwingine akipika, hodari, chapati zake zilikuwa laini kuliko za mtu yeyote. Mtoto wake akaugua muda mrefu, mtaji ukaisha hospitalini. Bidii yake haikuwa na upungufu wowote. Wako pia wafanyabiashara wadogo niliowajua ambao walipoondolewa kando ya barabara Oktoba 2021 walipoteza wateja wa miaka mingi kwa siku moja, na wengine hawakuinuka. Mvua, maradhi, bei za mjini, hivyo havimuulizi mtu ameamka saa ngapi. Mama mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo. Ukimsifia anajibu, "Mungu amenisitiri, baba." Lakini kilichoachwa mikononi mwake, hakukiacha kidondoke.

Chukueni suala la sukari. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipanda bei vibaya nchi nzima baada ya mvua kuvuruga uzalishaji viwandani, kilo ikawa inauzwa hata shilingi 5,000 mahali pengine. Vibanda vingi vikafanya lile la kimya kimya: chai ikawa ya rangi ya maji, kikombe kikawa kidogo, kijiko cha sukari kikawa nusu. Mama aliandika kwenye ubao kwamba chai imepanda kwa shilingi 200 kwa ajili ya sukari, na kwamba sukari ikishuka bei itarudi. Watu walinung'unika. Nilikuwepo, na mimi nilinung'unika pamoja nao. Sukari iliposhuka, asubuhi moja tukakuta amefuta, bei imerudi ile ya zamani. Wangapi wanashusha bei? Nimeishi mjini hapa kwa muda mrefu, nimeona bei zikipanda.

Au suala la mikopo. Keko mafundi wengi tunalipwa Jumamosi. Katikati ya wiki mfuko ni mtupu na tumbo halijui kalenda. Kila mama lishe hapa anakopesha, na wengi wamefungwa na madeni hayo, kwa kuwa fundi akishapokea Jumamosi anapita njia ya upande wa pili. Mama ana daftari la kurasa ngumu. Anakuandikia mbele yako, unaona jina lako na kiasi. Jumamosi unalipa yote. Usipolipa, Jumatatu ukija hakufokei wala hakusemi mbele za watu. Anakuinamia kidogo wakati wa kukunawisha mikono na kukwambia, "Baba, lile la wiki jana tulimalize kwanza." Na hupakuliwi. Hata kama ni mteja wa miaka. Hata kama ni mjumbe. Nimemwona akimwambia hivyo mwenye duka kubwa la mbao, mtu mzito, na yule mtu akainuka, akaenda dukani kwake, akarudi na pesa. Leo ni mteja wa kila siku na anamheshimu kuliko mwanzo.

Pesa zake anazitunza kwenye kikundi cha akina mama, vikoba, wananunua hisa kila wiki na kukopeshana. Mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliposimamishwa 2023 vikundi kadhaa vilivyokuwa vinaitegemea vililegea. Chao kiliendelea kwa hisa zao wenyewe mpaka mikopo ilipofunguliwa tena mwaka uliofuata. Zamu yake ya kukopa ilipofika, ndugu na majirani walimshauri afungue kibanda cha pili, Kurasini, karibu na bandari, kwenye watu wengi. Nami nilikuwa miongoni mwa waliomshauri hivyo. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza swali moja: "Fundi, na mchele wa kule atauchagua nani?" Akanunua jiko la gesi la mafiga matatu, masufuria mazito mawili, na akajenga sakafu ya saruji pale palipokuwa vumbi. Wapo walioona amekosa akili ya biashara. Mimi nikikanyaga saruji ile masika, wakati barabara yote ni tope, naona alijua anachokifanya.

Wasichana wawili wanaomsaidia wanakula kabla ya wateja, si mabaki, na wanalipwa kila jioni kabla hawajaondoka. Hilo nalo liko ndani ya sahani, ingawa halionekani. Msichana aliyeshiba na aliyelipwa hakumwagii mchuzi mkononi, hakukusonyi ukiomba maji mara ya pili. Aliyekuwepo kabla yao sasa ana meza yake ya chapati Tandika, na karai lake la kwanza alipewa na Mama.

Niseme na mapungufu, maana yapo.

Joto. Paa ni la bati, liko chini mno, na kati ya saa sita na saa nane mchana unakula huku jasho linakutiririka mgongoni. Angeinua nguzo kwa futi mbili tu, hewa ingepita.

Choo hakuna. Inabidi uombe kwa jirani, na jirani ana siku zake. Kwa mtu mzima wa karibu si tatizo, kwa mgeni aliyekuja na watoto ni tatizo kubwa, na ningependa alishughulikie kabla ya mambo mengine yote.

Chakula kinaisha. Saa nane kasoro mara nyingi samaki hayupo, saa nane na nusu wali umebaki wa chini. Anapika kiasi anachojua kitaliwa siku hiyo, na simlaumu, lakini mafundi wanaotoka mbali kupeleka mzigo wanarudi na njaa na kukuta sufuria zimeoshwa. Malipo kwa simu anapokea, ila kwa wingi wa watu huwa anachelewa kuthibitisha ujumbe, na chenji ya noti ya 10,000 saa saba mchana ni kazi. Njoo na noti ndogo.

Kibua kina miiba midogo. Usimpe mtoto bila kumchambulia. Changu ni salama zaidi.

Na mabenchi. Hili linanihusu kikazi, na kila siku nikikaa linanisumbua: mawili yanayumba, moja lina msumari uliochomoza kidogo upande wa ukutani, ukiwa na suruali nzuri kaa mbali nao. Nilimwambia nitayatengeneza bure, ni kazi ya nusu siku, mbao za mabaki ninazo. Alikataa. Akaniambia, "Niambie bei, fundi. Ukinifanyia bure leo, kesho nitakupa sahani ya bure, na keshokutwa hatutajua nani anamdai nani." Nikampa bei, bei halisi ya Keko, sikupunguza kwa kuwa nilijua angejua. Ameshalipa nusu. Mabenchi manne ya mkongo, yenye miguu iliyofungwa kwa viungo na si kwa misumari, yako karakana yanasubiri vanishi ikauke, kwa hiyo ukienda wiki ijayo lawama hiyo moja haitakuhusu.

Mbao zake nilichagua nilizozihifadhi tangu mwaka jana. Kijana wangu, yule wa nyota, ndiye aliyezipiga randa, na nilimwona akigeuza kila ubao na kuutazama kwa urefu, jicho moja limefumbwa, kabla ya kuuweka kwenye meza. Sikumwambia afanye hivyo.

Kwa anayetaka kwenda: shuka kituo chochote cha Keko upande wa maduka ya fenicha, uliza. Fika kabla ya saa saba. Asubuhi kuna chai, chapati, na supu ya ng'ombe siku za Jumatatu na Alhamisi. Ijumaa hakuna wali wa nazi, kuna pilau ya nyama, na foleni inaanza watu wakitoka msikitini, kwa hiyo wasioswali Ijumaa wawahi kabla. Jumapili amefunga. Ndoo ya maji ya kunawa ina koki na sabuni iko juu yake. Ukitaka kichwa cha changu, ambacho ndicho kitamu kuliko sehemu nyingine zote za samaki yule, mwambie asubuhi ukipita kunywa chai, atakuwekea kando na kuandika jina lako.